Kiti cha Mfalme na Mlango wa Mjanja

Bunia, 17 Novemba 2002

Mwalimu Baudouin,

Barua hii anakuletea Mama Fifi, yule wa sabuni na chumvi, ndani ya mzigo wake. Kabla hujaifungua, angalia gundi. Nimeifunga kwa uji wa muhogo, mstari mmoja mwembamba. Ukikuta kitu kingine, ujue tuna msomaji wa tatu.

Wamemchukua Alexis. Walikuja asubuhi, akiwa uani anafungua mnyororo wa pikipiki, na hawakumwuliza hata jina. Walisema ndiye aliyemvusha adui mwezi wa tisa. Adui huyo ni wewe. Ni kweli mume wangu alikubeba mpaka ng'ambo ya barière ya mwisho ya askari barabarani, umejifunga kitenge changu kichwani kama mama mgonjwa, kwa sababu siku hizi jina lako peke yake, kwa kabila linalolitaja, linatosha kukuua hapa mjini. Lakini nani alijua? Alexis, mimi na wewe. Alexis hakujishitaki. Mimi sikumshitaki mume wangu. Malizia mwenyewe.

Sisemi ulimuuza. Nasema huenda ulisimulia. Wewe ukipata glasi moja na watu wawili wa kukusikiliza, husimulia, na huko Ariwara ulikokimbilia kumejaa masikio ya Bunia.

Aliyemfunga ni Xavier. Ndiyo, Xavier wetu, aliyecheza Mjanja katika kundi letu la maigizo la parokia miaka yote ile. Sasa ni chef wa usalama wa hawa wanaotawala mji. Jana alikuja nyumbani, akakaa kwenye kiti cha Alexis bila kukaribishwa, akaomba maji. Akanywa yote ndipo akasema:

"Rébecca, hapana ogopa. Nataka tu muchezo wetu. Siku ya pili ya Noeli, kwenye salle ya parokia, mule tulikuwa tunachezea. Mukubwa wangu atakuya kuangalia. Mi nitakuwa Mufalme. Bwana yako atatoka kwenye kasho, atacheza Mujanja. Akicheza muzuri, tutaona."

Kasho ni kile chumba cha nyuma ya ofisi yao, walikokuwa wakiweka mafuta. Alexis analala humo.

Nikamwambia hakuna mwenye maneno ya Mfalme isipokuwa wewe. Haya ndiyo matunda ya ule utaratibu wako. Mchezo wenyewe uliutoa kwa mapadri wa zamani, ukautia Kiswahili, ukaufungia kichwani mwako. Kila mmoja wetu ulimpa kipande chake tu, pamoja na mkia wa maneno ya mwenzake ili ajue pa kuingilia. Mimi Malkia nina vipande vitatu na mikia mitatu. Kiti cha Mfalme ulikikalia mwenyewe tangu mwanzo mpaka ulipokimbia. Hotuba yako nimeisikia mara nyingi, lakini nilikuwa nasubiri mkia wangu. Leo siwezi kuirudia hata nusu.

Xavier akasema anajua hayo. "Muandikie muzee. Ao akuye yeye mwenyewe."

Basi nakuandikia. Tuma maneno ya Mfalme.

Rébecca


Ariwara, 28 Novemba 2002

Kwa anayejiita Rébecca,

Gundi ilikuwa ya uji. Hilo halinitulizi, muhogo uko kila nyumba.

Rébecca ninayemjua ananiita Yaya, kaka yake mkubwa, tangu akiwa mwanafunzi wangu darasa la nne. Aliniita Yaya hata siku niliyomwambia kwamba sauti yake haifiki mstari wa nyuma, akalia, na kesho yake akaja akipiga kelele mpaka Padri akatoka kuangalia kuna nini. Huyu aliyeniandikia ananiita Mwalimu, tena kwa ubaridi wa mtu anayeomba karatasi ofisini. Kwa hiyo ama hofu imembadilisha, ama kuna mtu amesimama begani kwake akimwambia andika hivi, andika vile.

Nimeisoma barua yako kwenye mwanga, nimeisoma tena kwenye kivuli. "Ao akuye yeye mwenyewe." Sentensi hiyo ndiyo barua nzima, mengine ni kitoweo. Xavier ananitaka mimi. Anajua kwamba nikisikia Alexis amefungwa kwa ajili yangu sitakula vizuri, na kweli sili vizuri. Lakini kutokula vizuri si sawa na kupanda lori kurudi kuchinjwa.

Na kuhusu kusimulia: hapa sisimulii. Nauza madaftari na kalamu sokoni, katikati ya mama wa vitenge na fundi wa redio. Wananiita Papa Kalamu na hawajui kama niliwahi kuwa mfalme wa kitu chochote. Glasi nilizokunywa tangu nifike, ningeweza kuzinywa mbele ya Askofu. Kama unatafuta mdomo uliovuja, tafuta karibu na nyumba yako. Pikipiki ya Alexis inajulikana mtaa mzima kwa ile kelele yake.

Ukitaka nikuamini, nijibu hili. Siku taa ilipoanguka jukwaani, Malkia alifanya nini? Na Mfalme alisema nini ambacho hakimo mchezoni? Xavier hawezi kujua. Alikuwa nje, kama ilivyokuwa desturi.

Ukinijibu sawasawa, tutaongea.

Baudouin


Bunia, 6 Desemba 2002

Yaya,

Haya, nimekuita. Umefurahi?

Malkia hakufanya kitu. Moto ulishika pindo la kitenge chake naye akaendelea kukaa, kwa sababu mkia wake ulikuwa haujafika na wewe ulitukataza kusogea kabla ya mkia. Mfalme akammwagia kikombe cha kifalme. Kilitakiwa kuwa na maji. Kilikuwa na bia. Na Mfalme akasema mbele ya parokia nzima: "Padri, hii nitailipa." Hukuilipa.

Umeridhika? Wakati unanitungia mtihani, mimi nilikuwa napanga mstari nyuma ya ofisi yao na sahani ya chakula. Jana waliniruhusu kumwona Alexis. Sikio lake la kushoto halisikii tena. Sikumwuliza lilifanywa nini, naye akageuza uso upande ule ili nisiliangalie. Aliniuliza kama nimeifunika pikipiki isinyeshewe. Nilimwambia ndiyo. Pikipiki waliichukua siku ileile, lakini nilimwambia ndiyo.

Nikitoka, Xavier alinisindikiza mpaka barabarani kwa adabu kama mtu wa msibani. Ana buti mpya, anatembea nazo polepole. Akaniambia:

"Weye na muzee munaandikiana sana. Ni muzuri. Lakini maneno haiyakuya. Kama hakuna muchezo, mi sina sababu ya kumuweka huyu hapa. Atapanda camion na wengine."

Unajua maana yake. Camion zao, malori ya wafungwa, huondoka zimejaa na kurudi tupu, na hakuna aliyeandika barua kutoka kule zinakokwenda.

Ameshajua kwamba tunaandikiana, Yaya. Sasa ama anazisoma, ama Mama Fifi anamweleza, ama ni wewe. Nimekaa na hayo mawazo matatu jikoni na kila moja lina uso wa mtu niliyempenda. Nimechoka kumtazama Mama Fifi akinipimia chumvi na kujiuliza anapima nini kingine.

Usipoleta maneno, umemuua mume wangu. Nakuambia wazi ili usije ukajifanya hukuelewa.

Rébecca


Ariwara, 15 Desemba 2002

Mdogo wangu Rébecca,

Ni wewe. Bia ile hakuna mwingine angeikumbuka kwa uchungu hivyo.

Haya ndiyo maneno ya Mfalme. Ayaseme akiwa amekaa, polepole, na mpiga ngoma apige moja tu kila anapotulia:

"Ninyi mnalala kwa sababu mimi silali. Nikifika mlangoni kwako, usiulize ninachotaka, uliza nilichokuachia. Ng'ombe wako ni wako mpaka nimtazame. Ni nani mwingine anayekujua kwa jina, na kwa nyumba, na kwa hesabu ya mbuzi? Mkinifukuza leo, kesho atakuja mwingine mwenye njaa kunizidi. Basi nishukuruni."

Ndiyo hayo. Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Hayo ni maneno ya Mjanja vilevile. Kipande nilichompa Xavier na kipande nilichojiwekea mimi ni kimoja. Mapadri walikuwa na kitabu cha zamani chenye hotuba mbili tofauti, moja tukufu na moja ya kihuni. Nilipojaribu kuzitia Kiswahili, kila nilipoandika ya mfalme ilinitoka ya mwizi, na kila nilipoandika ya mwizi nilisikia mfalme. Nikaacha kuhangaika, nikaandika moja. Mfalme anaisema akiwa amekaa, kwa Kiswahili cha Injili. Mjanja anaisema amesimama, mbiombio, kwa Kiswahili cha sokoni, na watu wanacheka. Hakuna aliyewahi kugundua. Wachezaji mlikuwa mnasubiri mikia yenu, na watazamaji mtu akikaa kwenye kiti kikubwa hawasikilizi anachosema.

Mfalme ana neno moja tu ambalo Mjanja hana. Unalijua, maana linakuja kabla ya mkia wako wa mwisho. Mjanja ameletwa amefungwa kamba, amesema yake, Mfalme ananyamaza, kisha anasema: "Mfungueni." Usiruhusu mtu aliondoe.

Na mwisho uwe kama siku zote. Watu wa mjini wanaujua mchezo huu na watalalamika ukigeuzwa. Mjanja akishafunguliwa anashuka katikati ya watu, anamnyang'anya mtu kofia au karanga, anatoka kwa mlango mkubwa, na harudi kuinama pamoja na wenzake. Mjanja haagi. Anabaki huko nje mpaka watu wote wamekwenda. Hiyo ni desturi yetu na nakuomba uishike sana.

Sina zaidi la kuandika juu ya mlango.

Yaya wako,
Baudouin


Bunia, 21 Desemba 2002

Yaya Baudouin,

Nilipoisoma barua yako nilitaka kuitupa motoni. Nikasema, huyu mzee amenituma kwenda kumpa Xavier maneno yake mwenyewe ya uhuni, mbele ya mkubwa wake na bunduki zote zile, halafu anakaa Ariwara anauza kalamu. Nikajiuliza umenichukia tangu lini.

Kisha nikasimama jikoni nikajaribu. Nikakaa kwenye kigoda, nikayasema kwa sauti yako. Nikajiona nataka kusimama kwa heshima. Nikainuka, nikayasema kama Xavier alivyokuwa akiyasema, na dada yangu aliyekuwa anapepeta mchele nje akaanza kucheka kabla sijafika kwenye mbuzi. Nikayarudia mara nyingine kwa namna zote mbili mpaka nikaogopa. Ni kweli. Miaka yote nimekaa pembeni ya kiti kile nimevaa taji la karatasi ya dhahabu, na sikusikia.

Lakini Xavier anayajua, Yaya. Yamo kinywani mwake. Ndilo lililoniondolea usingizi. Nisipompa, camion. Nikimpa, ataona tunamcheka.

Nilimpa. Aliyasoma amesimama mlangoni pa ofisi. Alipofika katikati midomo yake ilianza kusogea bila yeye kuangalia karatasi. Nilikuwa natazama mikono yake. Akaikunja karatasi mara mbili, akaitia mfukoni mwa shati na kufunga kifungo.

"Sawa," akasema. "Ni maneno ya muzee, nayajua."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Nilipogeuka kuondoka akaniita tena: "Na Mujanja, atapitia mulango gani kutoka?" Nikasema, kama zamani. Akasema, "Kama zamani. Muzuri."

Sijui nimejibu nini. Sijui kama nimemwokoa Alexis au nimemwonyesha wapi pa kuweka askari. Na wewe, sijui uliandika vile juu ya mlango kwa ajili yangu au kwa ajili ya mwingine anayesoma. Nimejaribu kukuamini na inakuja nusu nusu.

Mchezo ni alasiri, kwa sababu ya couvre-feu, usiku hakuna ruhusa ya kutembea. Lori la Mama Fifi litakuwa nyuma ya salle, limeleta viti. Baadaye litarudi barabara ya Mahagi. Nakueleza tu habari za viti.

Rébecca


Ariwara, 4 Januari 2003

Rébecca,

Sina barua yako tangu ile ya viti. Nimekwenda kwenye maegesho ya malori kila siku tangu Noeli mpaka wapakizi wamenizoea, wananiwekea gunia nikalie. Lori la Mama Fifi halijafika. Dereva mmoja wa mbao anasema alisikia kwamba Bunia kulikuwa na risasi siku ya pili ya Noeli. Mwingine anasema hapana, zilikuwa za furaha. Wa tatu anasema daraja limekatika na hakuna anayepita. Kila mmoja anaapa.

Niseme ninachokiogopa. Naogopa kwamba Xavier alipokuuliza juu ya mlango, wewe ulimjibu zaidi ya ulivyoniandikia. Mtu akiwa na mume kasho husema mengi, na sikulaumu. Naogopa pia kwamba nilikuwa mjinga kuandika juu ya mlango, na kwamba aliyetoka mlangoni pale siku zote ndiye angekuwa wa kwanza kuelewa. Usiku najiona nimemwongoza Alexis kwa mkono mpaka kwenye bunduki.

Naipeleka hii kwa mtu mwingine, mwendesha baiskeli wa mafuta. Nijibu hata kwa mstari mmoja. Niambie yuko hai.

Baudouin


Bunia, 9 Januari 2003

Muzee Baudouin,

Hii si Rébecca. Ni mimi Xavier. Barua yako ya tarehe nne imefika kwangu kwa sababu nyumbani kwake hakuna mtu. Zile nyingine pia nilizisoma zote, kwenda na kurudi. Uji wa muhogo hata mimi nimeupika. Mama Fifi hana kosa, askari wangu walikuwa wanapekua mzigo wake na yeye hakujua.

Nikujibu kwanza kile mlichoumizana nacho. Hakuna aliyesimulia. Mwezi wa tisa nilikuwa mimi mwenyewe kwenye barière ya mwisho. Mama mgonjwa akapita nyuma ya pikipiki, kitenge kichwani. Nikaona mgongo. Muzee, mimi mgongo wako naujua kuliko uso, maana ulikuwa umekaa na mimi nimefungwa kamba nyuma yako nikingoja kuitwa. Nikawaambia vijana wamwache mama apite. Baadaye mtu alimwambia mkubwa wangu kwamba pikipiki ile ilivusha mtu, na ikabidi nimfunge mwenye pikipiki ili nisifungwe mimi.

Sasa mchezo. Salle ilijaa. Mkubwa alikaa mbele. Nilikaa kwenye kiti chako na buti zangu, nikayasema maneno polepole, ngoma ikapiga. Watu walinyamaza vizuri. Wamama wengine walipiga makofi. Mkubwa alitikisa kichwa, ndiyo, ndiyo. Nikasikia utamu, sitadanganya.

Kisha wakamleta Alexis na kamba, maneno nimemfundisha mimi mwenyewe kasho. Alexis hana sauti, na sikio moja limekufa. Hakuweza kusema mbiombio kama mimi. Akayasema polepole. Mie silali, ndiyo maana weye unalala. Hakuna aliyecheka. Alipofika kwenye ng'ombe, nikaona mtu wa kwanza ananitazama mimi badala yake. Alipofika kwenye mbuzi, salle yote ilikuwa inanitazama. Miaka yote ile walicheka, na siku hiyo walisikia. Mkubwa aligeuka nyuma kuwatazama watu, halafu akageuka kunitazama mimi, na hakutikisa kichwa tena. Vijana wangu walikuwa na mikono kwenye bunduki, wanasubiri uso wangu.

Kwenye mlango mkubwa nilikuwa nimeweka wawili. Ndiyo. Ulivyoandika juu ya mlango, nilielewa kabla sijamaliza kusoma. Nilikuwa nimekusudia nisiseme lile neno. Nilikuwa nimekusudia niseme mpelekeni, na mchezo uishe hivyo, na mkubwa wangu afurahi.

Muzee, nataka kukuuliza jambo. Nilikuomba kiti kile kila mwaka. Kila mwaka ulisema sauti yangu si ya mfalme. Mvua ikinyesha, nilisimama nje ya salle na kofia ya mtu mkononi, nikisikia mnapigiwa makofi, kwa sababu Mjanja haagi. Nilifikiri una maneno makubwa ambayo mimi siyawezi. Kumbe yalikuwa yaleyale. Kama maneno ni yaleyale, kwa nini ulininyima kiti?

Nilikaa pale nikafikiri hivyo, na watu wote wananitazama. Nikaona kwamba nimeupata mji, nimepata buti, nimepata kiti, na bado nasema maneno ya Mjanja. Kitu cha Mfalme ambacho sikuwahi kuwa nacho kilikuwa kimoja tu. Nikakisema.

Nikasema, mfungueni.

Vijana walidhani ni amri, na kweli ilikuwa amri. Wakamfungua. Alexis akashuka katikati ya watu, akachukua kofia ya mzee mmoja, na wale wawili wa mlangoni wakampisha, maana chef amesema. Malkia akamfuata na taji lake. Hilo halimo mchezoni. Mkubwa alipiga risasi juu, paa la salle lina tundu. Nje lori lilikuwa limeshawaka.

Mkubwa ameniambia nieleze kwa maandishi kama ule ulikuwa mchezo au la. Nimeshindwa kuandika, nimekuandikia wewe.

Niambie kama wamefika.

Xavier


Ariwara, 19 Januari 2003

Xavier,

Hakuna mtu yeyote kutoka Bunia aliyefika kwangu. Naishi peke yangu, nauza madaftari. Hilo waweza kulionyesha kwa yeyote anayekuuliza, pamoja na sahihi yangu.

Nimeisoma barua yako mara nyingi nikitafuta mtego. Umeniambia ulinipisha barière, na hakuna shahidi ila wewe. Umeniambia ulisema lile neno, na mwisho unaniuliza wako wapi. Mtu wa usalama angeandika barua hiyohiyo, neno kwa neno. Utanisamehe. Ndivyo mlivyotulea miaka hii miwili.

Swali lako la kiti nitalijibu, kwa sababu ni la mchezo. Sauti yako ilikuwa nzuri kuliko yangu. Uliposema maneno yale watu walicheka kwa sababu walikuamini, na mimi nilipoyasema walinyamaza kwa sababu ya kiti. Nikaogopa kwamba siku utakapokaa wewe, watasikia, na baada ya hapo hakuna mfalme atakayeaminiwa tena katika salle ile. Nilikilinda kiti. Kwa hiyo nilikuacha kwenye mvua, na wivu pia ulikuwemo.

Kama ungekuwa mtu wa kuaminiwa, na kama kungekuwa na watu waliofika, ningekueleza kwamba waliingia alfajiri baada ya siku nyingi za kungoja daraja, na vumbi mpaka kwenye kope, mwanamke bado ana karatasi ya dhahabu kichwani kwa sababu hataki kuivua tangu Bunia, na mwanamume ana kofia isiyo yake anayotaka kumrudishia mwenyewe. Ningekueleza kwamba anakaa upande wa kushoto wa kila mtu ili amsikie, na kwamba jana alikula sahani mbili za sombe, mboga ya majani ya muhogo, akaomba ya tatu, na mke wake akatoka nje kulia ili asimwone. Ningekueleza kwamba mwanamke huyo aliniita Yaya mlangoni kabla ya salamu.

Lakini hakuna aliyefika.

Baudouin


Bunia, 2 Februari 2003

Muzee Baudouin,

Ni mimi Mama Fifi. Niliyafungua mwenyewe maandishi yako, nisamehe, maana sikuwa na wa kumpa. Xavier wamemvua buti. Yuko kasho ileile, kona ileile ya Bwana Alexis, na mama yake ameniomba nimpelekee chakula kwa sababu yeye miguu haimbebi.

Sikumwamini hata hivyo. Niliogopa ni mchezo mwingine, wamemweka humo ili tuongee. Nilikwenda siku tatu nikaweka sahani na kuondoka bila neno. Ya nne niliona mdomo wake umevimba, hawezi kutafuna. Hapo nikasogea kwenye tundu la dirisha, nikamsomea kidogo kidogo huku najifanya namgombeza kwa kutomaliza chakula.

Pale pa kwamba kama wangefika, alianza kucheka, akashika mbavu kwa maumivu, akacheka tena. Akaniambia nirudie pa sahani mbili za sombe. Nikarudia.

Halafu akasema hivi, nakuandikia kama alivyosema: "Ambia muzee, sasa mi ndiyo niko na kamba. Maneno yangu nayajua yote, nitayasema muzuri. Lakini ule mwenye kukaa kwenye kiti, hakuna mutu alimufundisha lile neno moya."

Kesho yake nilirudi na uji. Mlinzi aliipokea sahani, akaunywa uji palepale mbele yangu, akaniambia nisije tena na sahani ya mtu huyo. Nilimwuliza amepelekwa wapi. Akasema camion ilipita.

Barua hii ichome ukishaisoma. Na kofia mwambie Bwana Alexis aivae tu, yule mzee mwenyewe amesema hataki irudi.

Mama Fifi